Idhini ya Baba Kageha

Samansi ya talaka ilimfikia Tusekile akiwa na pini nne mdomoni. Alikuwa ameinama kwenye kibanda chake chini ya ghorofa, kule Tassia, akipima pindo la sketi ya shule, mtu mmoja mwenye koti la kijivu alipochungulia na kuuliza kama yeye ndiye mke wa Patrobas. Alizitoa pini moja moja, akazichoma kwenye mkono wa sweta yake, ndipo akaitikia.

"Weka sahihi hapa, mama," yule mtu akasema. "Kuweka sahihi si kukubali. Ni kuonyesha tu kwamba nimekufikishia."

Akaweka. Bahasha akaisukuma chini ya kitambaa, akaendelea na pindo, maana mwenye sketi alikuwa amesimama pale pale anangoja.

Haikuwa habari mpya. Patrobas alikuwa ameondoka nyumbani tangu mwezi wa tatu, akahamia Umoja kwa mwanamke aitwaye Millicent, karani mwenzake kwenye ghala la mbolea. Siku aliyoondoka hakumpiga mtu wala hakuvunja sahani. Alikunja mashati yake Jumapili mchana, akamwambia binti yao Kageha kwamba atakuja kumwona kila Jumamosi, na kweli akawa anakuja kila Jumamosi, saa nne, ameshika maziwa na mkate. Angekuwa mtu mbaya kabisa, Tusekile angejua la kufanya. Angemchukia akapumzika.

Walikutana Tunduma, mji wa mpakani ambako malori ya kwenda Zambia hupanga foleni hata wiki nzima. Wakati huo Patrobas alikuwa dereva, kijana wa Kimaragoli mwenye kucheka kwa sauti, na Tusekile alikuwa fundi wa nguo aliyetoka Tukuyu kutafuta maisha. Foleni ilikaa siku kumi na moja. Siku ya kwanza Patrobas alileta suruali iliyopasuka. Siku ya pili akaleta shati lisilokuwa na tatizo lolote. Kufikia siku ya sita alikuwa anakaa kwenye benchi la wateja asubuhi hadi jioni, akimsikiliza anavyoongea. "Rudia tena," angemwambia. "Sema tena 'naomba uniwie radhi.' Kwetu Nairobi mtu akikukanyaga anakuuliza mguu wako ulikuwa unafanya nini hapo."

Walifunga ndoa Tukuyu, kanisani, mvua ikinyesha. Mama yake Tusekile alimshika mkwewe mkono kwa muda mrefu, kisha akamwambia, "Huko ni mbali, baba." Patrobas akaapa kwamba si mbali. Barabara anaijua, kila mwaka atamleta.

Wakaja Tassia. Tusekile alijifunza mji ule kama mtu anayejifunza kutembea gizani. Dukani alisema "naomba chumvi," mwenye duka akamuuliza kama anaomba ama ananunua. Majirani walimpachika jina, Mama TZ, hata kabla hajazaa. Mwanzoni Patrobas alijivunia sana ulimi wa mkewe. Alikuwa anawapigia rafiki zake simu usiku na mchana ili mkewe awasalimie tu. Miaka ikapita. Akaacha kuendesha malori baada ya mgongo kuanza kumsumbua, akapata kazi ya ukarani, akaanza kuvaa tai. Siku moja, Tusekile anamweleza jambo fulani la shule ya Kageha, akamkatiza: "Mama Kageha, fupisha. Unaongea kama mtu anasoma taarifa ya habari." Tusekile akafupisha. Lakini aliiweka moyoni siku ile. Baadaye, watu walipomuuliza ndoa iliharibika lini, hakuwataja Millicent wala Umoja. Aliitaja ile siku.

Jirani yake wa kibandani, Ndindi, mama wa Kikamba aliyeuza mboga na kusikia kila kitu, ndiye aliyempeleka kwa wakili. Kulikuwa na wakili mmoja, Kavutha, aliyesaidia watu bila malipo kila Jumanne katika chumba cha nyuma cha kanisa, Umoja. Alikuwa mwembamba, miwani yake imefungwa uzi kwenye kiungo kimoja. Alisoma karatasi zote kwanza, kimya, kisha akaziweka chini.

"Kuna jambo ni lazima ulielewe kabla ya mengine yote," alisema. "Pasi yako ya kukaa Kenya imesimama juu ya ndoa. Wewe uko hapa kama mke wa Mkenya. Ndoa ikivunjwa, pasi nayo imekwisha."

"Kwa hiyo nikikubali kuachwa, nafukuzwa?"

"Hufukuzwi siku hiyo. Lakini huna tena cha kukuweka. Hata hicho kibanda, leseni iko kwa jina la nani?"

"La Baba Kageha."

Kavutha akaandika kitu. "Basi tutaipinga talaka. Si kwa sababu unamtaka yule mtu, ila kwa sababu kesi ikichukua muda, huo muda ni wako. Tutautumia kukutafutia kibali chako mwenyewe."

"Na mtoto? Mimi sitaki kibali, wakili. Nataka mtoto wangu twende nyumbani."

"Mtoto ni Mkenya. Amezaliwa hapa, anasoma hapa. Kumvusha mpaka, ama baba yake atoe idhini kwa maandishi, ama mahakama iseme. Ukitulia, naona una nafasi nzuri. Wewe ndiye umemlea, yeye ndiye aliyehama. Mahakimu wanaona hayo." Akavua miwani. "Lakini nakuomba kitu kimoja, Mama Kageha. Usimtoe huyu mtoto nchini kabla ya uamuzi. Hata kwa siku moja. Unanisikia?"

"Nakusikia."

Alikuwa anasikia kweli. Kwa miezi mitano alifuata kila alichoambiwa. Jumamosi moja mwezi wa nane alimkalisha Patrobas mezani, akamwekea chai, akamwomba kwa upole amruhusu aende na Kageha Tukuyu likizo ya Desemba. Mtoto alikuwa na miaka sita. Bibi yake alikuwa amemshika mara moja tu, akiwa mchanga wa miezi minane. Tangu hapo walijuana kwa simu. Patrobas alizungusha kikombe mkononi.

"Hiyo si mbaya," alisema. "Mtoto ajue kwao pia. Wacha nifikirie."

Jumamosi iliyofuata alikuja na jibu lililoonekana limeandikwa na mtu mwingine. "Wakili wangu anasema nisisaini kitu chochote mpaka hii maneno iishe. Usinielewe vibaya."

Desemba ilikuwa bado haijafika. Jumatatu moja mwezi wa kumi, asubuhi, Lusajo, mdogo wake Tusekile, alipiga simu kutoka Tukuyu. Alianza kwa kuuliza habari za mtoto, habari za kazi, habari za mvua, na Tusekile alipoona salamu zinarefuka hivyo akakaa chini kwenye ndoo.

"Sema, Lusajo."

"Mama ametutoka, dada. Alfajiri. Hakusumbuka." Akavuta pumzi. "Jana alikuwa anauliza kama Kageha ameshaota meno ya mbele. Tunazika Alhamisi."

Tusekile alimpigia Patrobas kabla machozi hayajaanza, maana alijua yakianza hatapata nafasi nyingine ya kuongea vizuri. Patrobas alisikiliza habari mpaka mwisho. Alipoongea sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Pole sana, Mama Kageha. Yule mama alikuwa mtu mzuri kwangu. Pole."

"Niandikie barua, Baba Kageha. Mistari miwili tu. Nikamzike mama yangu na mjukuu wake."

"Enda. Hata nauli nitakuongezea. Lakini mtoto abaki na mimi. Nitampeleka shule, nitampikia, ukirudi utamkuta."

"Alikuwa anamuuliza. Mpaka jana alikuwa anamuuliza."

"Najua. Lakini mtoto abaki."

Lilikuwa pendekezo la mtu mwenye busara. Hata Tusekile aliliona hivyo, akasema atafikiri, akakata simu. Kisha akalia mpaka Ndindi akaja kumfungia kibanda.

Alichofanya baada ya hapo alikifanya akiwa ametulia kabisa, na baadaye hilo ndilo lililomtisha. Alichukua cheti cha kuzaliwa cha Kageha, kadi ya kliniki, ripoti za shule tangu chekechea. Akachukua masweta, maana Tukuyu ni baridi. Akapanga viatu vya mtoto vyote, hata vile vilivyokuwa vikubwa ambavyo angevivaa mwakani. Mwishowe akashuka kibandani na bisibisi, akafungua kichwa cha cherehani kutoka kwenye meza yake, akakiviringisha katika kanga mbili. Ndindi alikuwa anapanga sukuma wiki. Aliitazama ile mizigo, akaitazama meza iliyobaki na shimo katikati. Aliingia ndani akaleta kamba, wakafunga pamoja.

"Ukifika unibip," Ndindi akasema tu.

Jumanne walitoka na gari la saa kumi na mbili asubuhi. Kageha alikuwa na furaha ya mtoto aliyekosa shule. Aliuliza kama Tanzania kuna chipsi. Akauliza kama bibi atakuwa amelala kwenye sanduku au kwenye kitanda. Akalala. Walifika Namanga saa nne kasoro, jua limeshakuwa kali, wakapita geti la Kenya bila kusimamishwa. Pale mpakani ofisi za nchi mbili zimewekwa chini ya paa moja, na anayetoka Kenya hugongewa muhuri wa kutoka akiwa tayari amevuka upande wa pili. Tusekile alipokuwa amesimama kwenye foleni alitazama nje dirishani akaona bendera ya kwao, na wauza maji wakiitana kwa lafudhi ambayo hakuwa ameisikia barabarani kwa miaka mingi. Alikuwa amesimama kwenye ardhi ya Tanzania. Miguu yake ilikuwa imefika.

Afisa wa Kenya nyuma ya kioo alikuwa mwanamke wa makamo. Aligeuza karatasi za mtoto mbele na nyuma.

"Barua ya baba iko wapi?"

"Tunaenda mazishini, dada. Mama yangu amefariki."

"Pole sana. Barua iko wapi?"

"Yuko safarini, hapatikani kwa simu. Ni siku nne tu. Tafadhali, naomba unisaidie."

Yule afisa alimwangalia, akaangalia foleni nyuma yake. Tusekile aliona anataka kusaidia. Aliona kabisa mkono wake unaelekea kwenye muhuri.

"Mimi najua namba ya baba!" Kageha akasema. Alikuwa ameshika ukingo wa kaunta kwa vidole, kidevu kimefika juu. Akaitaja namba yote, tarakimu kwa tarakimu, bila kukosea, kama alivyofundishwa na mama yake mwenyewe, kwamba akipotea siku moja mjini aitaje kwa mtu mzima yeyote mwenye sare.

Mkono wa afisa ukaacha muhuri, ukachukua simu.

Waliwekwa kwenye benchi. Gari lao liliwangoja kidogo, kisha dereva akashusha mizigo yao, akaomba radhi, akaondoka. Kageha alijua kuna kitu kimeharibika ila hakujua nini. Akauliza kama amekosea namba. "Hujakosea," Tusekile akamwambia. "Umeitaja vizuri sana." Akamnunulia soda.

Patrobas alifika saa nane, katika gari aliloazima kazini, shati limelowa mgongoni. Hakupiga kelele. Alimnyanyua mtoto, akamshika muda, akamrudisha chini. Ndipo akauona ule mzigo wa kanga. Akauchuchumalia, akafungua fundo la kwanza, akafungua la pili. Chuma cheusi kikang'aa.

Akakigusa kwa kidole kimoja.

"Mtu huenda mazishini na cherehani?" akauliza. Aliuliza kwa sauti ndogo, kama anayetaka kweli kujua.

Patrobas akatoa simu yake, akapiga picha, kisha akafungua na begi, akapiga picha za karatasi na za viatu.

"Sasa skiza," Patrobas akasema. "Wewe enda. Uko karibu, magari ya Arusha yako hapo. Enda umzike mama. Mimi narudi na mtoto."

Yule afisa mwanamke alikuwa amesimama mlangoni, anasubiri. Upande mmoja palikuwa na kituo cha magari, hatua mia mbili hivi. Tusekile alihesabu mambo kichwani. Pasi yake ya kukaa Kenya ilikuwa imebakiza wiki mbili. Akitoka leo, na baba wa mtoto ameshapiga picha ya cherehani, nani atamfungulia mlango wa kurudi? Na akirudi, atamkuta mtoto Tassia, au Umoja, au kwa shangazi fulani kwao Patrobas, Vihiga, asikokujua? Alimwona mama yake amelazwa sebuleni, wanawake wameketi chini, na nafasi ya binti mkubwa karibu na kichwa ikiwa wazi. Akaiona ile nafasi vizuri kabisa. Kisha akainama, akafunga kanga mafundo mawili.

"Tunarudi wote," akasema.

Wakapanda gari la Patrobas kurudi Nairobi. Kageha alilala kiti cha nyuma, kichwa kwenye paja la mama yake. Walipofika Kajiado Patrobas alisimamisha gari, akashuka, akarudi na vikombe viwili vya chai. Cha Tusekile kilikuwa na sukari vijiko viwili na kimepozwa kwa maziwa baridi, jinsi anavyoinywa. Alikipokea. Patrobas alikuwa analia, anatazama mbele, mikono kwenye usukani.

"Mama yako alinipa kuku," alisema. "Siku ile tunaondoka. Kuku mzima, kwenye lori."

"Nakumbuka."

Alhamisi Lusajo alituma video ya mazishi. Tusekile hakuifungua. Wiki mbili baadaye wakili wa Patrobas aliwasilisha mahakamani picha za kichwa cha cherehani, ripoti za shule, kadi ya kliniki, na viatu vikubwa vya mwakani.

Kavutha hakumgombeza. Alizipanga zile picha mezani kama mtu anayepanga karata mbovu. "Tutasema ulikuwa unapeleka cherehani kutengenezwa," alisema hatimaye. "Au ulitaka kumwachia mdogo wako. Si lazima iwe nzuri. Inatosha iwe inawezekana."

Walifanya mazoezi ya jibu lile. Ndindi naye alilikariri, kama angeitwa shahidi. Lilikuwa jibu zuri. Kufikia siku yenyewe Tusekile alikuwa karibu kuliamini.

Chumba cha mahakama ya watoto kilikuwa kidogo, na meza zake kama za ofisi ya kawaida. Hakimu alikuwa mzee kidogo, mwenye mafua, akishika leso mkononi. Wakili wa Patrobas aliuliza yake, kwa kirefu, kuhusu pasi, kuhusu viatu. Tusekile alijibu kama alivyofundishwa. Kisha hakimu akaweka kalamu chini.

"Mama," alisema, "wacha nikuulize mimi mwenyewe. Siku ile pale mpakani, ulitaka nini?"

Lile jibu lilikuwa tayari mdomoni. Lakini Tusekile alisimama pale akijaribu kukumbuka ni lini mtu alimuuliza swali hilo. Watu walimuuliza leseni iko wapi, barua iko wapi, baba yuko wapi. Kwa miezi yote ile hakuna aliyemuuliza alitaka nini. Hata Ndindi. Hata mama yake, kwenye simu, aliuliza tu kama anakula.

"Nilitaka kwenda nyumbani, Mheshimiwa," akasema. "Na mwanangu."

"Halafu urudi?"

"Hapana. Nisirudi."

Alisikia Kavutha akifunga faili nyuma yake, polepole. Patrobas aliinamisha kichwa. Hakimu akapenga kamasi, akaandika.

Uamuzi ulisomwa baada ya wiki tatu. Hakimu alisema mama ni mlezi mwema na mkweli, na kwamba mahakama haina shaka na mapenzi yake. Lakini mama hana pasi ya kudumu, hana biashara kwa jina lake, na kwa kinywa chake mwenyewe amekiri kwamba alikusudia kumwondoa mtoto katika nchi bila idhini ya baba. Mtoto atakaa na baba. Mama atamwona kila Jumamosi, saa tatu hadi saa kumi na moja, ndani ya Nairobi. Mtoto hatavuka mpaka bila amri ya mahakama.

Talaka yenyewe ilitoka mwezi wa pili. Tusekile hakuipinga tena. Ilichukua dakika zisizozidi kumi, na walipotoka nje Patrobas alisimama kwenye ngazi kana kwamba anataka kusema kitu, halafu akasema, "Haya basi, Mama Kageha," akaenda zake.

"Rudi nyumbani, dada," Lusajo alimwambia jioni ile. "Chumba cha mama kipo. Utamwona mtoto likizo, atazoea, mambo hubadilika. Huko unabaki kufanya nini?"

"Mama alikuwa bibi wa simu, Lusajo. Miaka sita. Mimi siwezi kuwa mama wa simu."

"Lakini huko huna mtu."

"Najua."

Alihama Tassia. Kwa msaada wa Ndindi, alipata kazi Eastleigh, kwenye karakana ya mtu aitwaye Siyad, wanawake kumi na wawili wakishona madera kwenye chumba kimoja ghorofa ya tatu. Siyad alikuwa mtu wa maneno machache. Alikagua mshono wake, akauliza kama anajua kushona shingo ya duara, akakubali kumwandikia barua ya kuombea kibali cha kazi. Barua ikapelekwa. Jibu halikuja mwezi huo wala uliofuata, na kila alipomwona askari njiani Tusekile alivuka barabara. Alipanga chumba kimoja Umoja, si mbali na nyumba ya Patrobas. Si karibu sana pia. Alipachagua kwa makusudi, asije akajikuta kila jioni amesimama nje ya geti lao.

Jumamosi moja mwezi wa nne alifika saa tatu kamili, kama kawaida. Millicent ndiye aliyefungua geti. Hadi siku hiyo walikuwa hawajawahi kusema zaidi ya salamu. Patrobas ndiye aliyekuwa anamtoa mtoto nje. Millicent alikuwa mjamzito, miezi saba hivi, amevaa malapa ya mwanamume.

"Wametoka kidogo," alisema. "Baba Kageha amempeleka kunyoa nywele, shule wamesema zikatwe. Kuna foleni huko. Ingia ukae, Mama Kageha. Jua ni kali."

Tusekile alitaka kusema atangoja nje. Akaingia. Sebule ilikuwa safi. Sare ya Kageha ilikuwa imeanikwa dirishani, na pindo lake limeshonwa vibaya, kwa uzi mweupe. Millicent akaleta chai, akakaa upande wa pili kwa taabu, mkono mmoja kiunoni. Wakanywa. Redio ya jirani ilikuwa inahubiri.

"Naweza kukuuliza kitu?" Millicent akasema. "Usikasirike."

"Uliza."

"Huyu mtoto halali. Analala kwa muda wa saa moja hivi, halafu anaamka, anakaa kitandani na macho wazi. Halii. Nikimuuliza unataka nini, anasema hakuna. Nikimkumbatia anakuwa mgumu kama mti. Patrobas anasema atazoea, lakini ni miezi sasa. Mwalimu anasema anasinzia darasani." Akaweka kikombe chini. "Kwako alikuwa analala aje?"

Tusekile aliangalia ile sare dirishani. Alikuwa anajua. Alikuwa anajua tangu mtoto akiwa na wiki tatu, na hakuwahi kumwambia mtu, hata Patrobas, ambaye miaka ile alikuwa barabarani. Kilikuwa kitu kidogo sana. Na ndicho pekee kilichokuwa kimebaki ambacho hakikuandikwa kwenye karatasi yoyote, hakimu hakukigawa, wala wakili hakukiomba. Angeweza kusema hajui. Jumamosi baada ya Jumamosi mtoto angekuja kwake amechoka, akalala mchana kutwa kwenye kitanda chake, na hakuna ambaye angejua kwa nini.

Akafikiria yale macho yaliyo wazi.

"Hashikwi mwili," akasema. "Ukimshika mwili anahisi anazuiwa. Anashikwa kisigino."

"Kisigino?"

"Cha kushoto. Unakaa mwisho wa kitanda, unamshika kisigino, hukazi, hulegezi. Huongei. Akishalala unangoja mpaka vidole vya mguu vifunguke. Ukitoka kabla, anaamka."

Millicent alijaribu kushika kisigino chake mwenyewe aone, lakini tumbo likamzuia. Akacheka kidogo kwa aibu, akaacha.

"Nionyeshe," akasema.

Tusekile hakuinuka mara moja. Kisha akaweka kikombe, akasogea, akapiga magoti kwenye sakafu ya Millicent. Akautoa mguu wa kushoto wa Millicent kwenye lapa. Ulikuwa umevimba, ngozi imekazika, na moto. Akaweka kisigino katikati ya kiganja chake, akafunga vidole.

"Hivi," akasema. "Unasikia? Si kwa nguvu."

"Nasikia," Millicent akasema.

Walikuwa bado wamekaa hivyo geti lilipogongwa na sauti ya Kageha ikaingia mbele ya mwenyewe, ikiuliza kama mama amefika.